Binti Radi na Kijana Aliyemtazama

Kila Alhamisi gulioni hakosi mtu wa kuniuliza. Anakaa kwenye benchi langu, anashika kikombe, anajifanya anapuliza uji, kisha ananiinamia sikioni: "Mama Basilia, hivi ni kweli yule mtoto wako anashika radi kwa mkono?" Namwambia kunywa kwanza, lipa, halafu tuongee. Mimi nauza api, uji wa mahindi ya zambarau, na maandazi ya moto. Habari siuzi, na za bure sina.

Lakini leo nitasema. Nitasema yote, hata yale yanayonitia aibu, hasa hayo, maana nimechoka kuyabeba peke yangu.

Zulma Huarachi sikumzaa mimi. Ni mtoto wa kaka yangu Casimiro, aliyefia mgodini. Mama yake alikwenda Ajentina kushona nguo kiwandani, akapata mume mwingine huko, akatuma barua mbili na blanketi moja, basi, habari yake ikaishia hapo. Mtoto alikuwa na miaka sita. Nikamchukua. Mimi mwenyewe sikuolewa, na tafadhali asinionee mtu huruma. Waliokuja kunichumbia niliwaona.

Alikuwa mtoto wa kawaida kabisa. Anakoroma. Hesabu zilimshinda tangu darasa la pili. Alikuwa na pengo mbele, kwa hiyo akicheka anaziba mdomo kwa kiganja. Akiwa na miaka kumi na sita alikuwa akichunga kondoo wangu kumi na tisa kwenye mteremko juu ya kijiji chetu cha Wila Kala, simu sikioni, akiimba vibaya. Ungeniambia huyu ndiye atakayekuja kuokoa viazi vya kijiji kizima, ningekuuliza umekula nini.

Sasa Edson. Edson Tintaya alikuwa na miaka kumi na minane, mrefu, mwembamba, masikio yametangulia. Alikuwa akitengeneza redio na simu gulioni, meza yake imetazamana na benchi langu. Mikono yake ni mizuri, hilo silikatai. Ila nusu ya akili yake ilikuwa kwenye vitabu vya picha, vile vya mashujaa wanaopaa na shuka mgongoni. Na huyu ndiye aliyeanza kummulikia Zulma kioo.

Kwetu kijana akimpenda binti hamwendei mlangoni kama mdai. Anakaa ng'ambo ya bonde na kioo kidogo, anamwelekezea jua usoni. Binti asipotaka, anageuka. Akitaka, naye anatoa chake. Hata mimi nilimulikiwa siku moja, zamani hizo, nikageuka, na yule kijana akaoa wa kijiji cha pili. Ndivyo mambo yalivyo.

Siku ile ya Januari nilikuwa uani namenya viazi. Nikainua macho nikaona kitu kinang'aa mteremko huu, kinajibiwa na kingine mteremko ule. Vioo viwili vinapiga soga. Na nyuma ya mlima wingu jeusi limeshasimama! Jamani, mtoto gani hajui kwamba kioo hakichezewi wingu likisimama? Sisi ngurumo ikianza tunafunika hata sufuria. Nikachukua fimbo yangu, nikapanda kwenda kuwakomesha.

Zilibaki kama hatua hamsini. Nilimwona Zulma amesimama na kioo mkononi, anacheka, na wala hajaziba mdomo. Kisha kila kitu kikawa cheupe. Nilipopata tena macho yangu hakuwa amesimama tena, moshi unafuka kutoka kwenye nyasi.

Hapa lazima nieleze, la sivyo mtu wa mbali atanihukumu bila kunielewa. Anihukumu tu, lakini baada ya kuelewa. Radi ya kwanza inamuua mtu. Ya pili inamvunja vipande. Ya tatu inamuunga, na anayeinuka pale anainuka na kazi ya Mtakatifu Santiago, mwenye radi. Lakini katikati hapo asitazamwe. Jicho la binadamu likimwangukia kabla hajaungwa, haamki. Mama yangu alinifundisha hivyo, naye alifundishwa na mama yake. Kwa hiyo radi ikimpiga mtu wako, na kama unampenda kweli, unageuka.

Nikageuka.

Nilikwenda nikaketi nyuma ya ukuta wa mawe wa zizi, nikajifunika kitambaa changu cha mgongoni kichwani. Ngurumo zikapiga tena mara mbili, kisha mvua ya mawe ikaanza, mawe makubwa kama mayai ya kware. Ilinipiga mimi na ilimpiga yeye. Mimi nilikuwa na kitambaa. Nilikaa pale nikisali, meno yanagongana, nikijiambia, Basilia, usigeuke, ukigeuka umemuua.

Nikasikia miguu inashuka mbio kutoka ng'ambo. "Usimtazame!" nikapiga kelele. "Edson, mwanaharamu we, usimtazame!" Hakunijibu. Nilimsikia akipiga magoti kwenye matope, akimwita, Zulma, Zulma, Zulma. Kisha hatua nzito za mtu mwenye mzigo zikanipita zikiteremka kuelekea nyumbani kwangu. Nikazifuata nikiwa bado nimejifunika uso. Nilianguka mara tatu, na goti hili mpaka leo linanikumbusha. Yeye, kwenye mawe yale, na msichana mzima mikononi, hakujikwaa hata mara moja.

Nilisimama nje ya jiko langu mwenyewe mpaka niliposikia mtoto anakohoa. Ndipo nikaingia.

"Nilifumba macho, Mama," Edson akasema kabla sijauliza, akitazama viatu vyangu. "Haki ya Mungu."

Nikamwambia, "Toka nje."

Mganga wetu, Mama Saturnina, alikuja kesho yake na majani yake ya koka. Akayatupa kwenye kitambaa, akayasoma, akasema mtoto amechaguliwa. Kisha akaniuliza, "Kuna aliyemtazama?" Nikajibu, "Hakuna. Nilikuwepo." Nilijua ninasema uongo. Lakini ningesema kweli, kijiji kingeanza kumwona kama maiti inayotembea, na kila baya lingekuwa lake. Nikaufunga mdomo wangu, na si kazi ndogo, mnaonijua mnajua.

Basi mambo yakaanza. Akipita karibu na redio, inakoroma kama mlevi. Edson alimpa taa ndogo ya tochi, ikawaka kiganjani mwake bila betri. Mvua ya mawe aliisikia kwenye meno siku moja kabla. Shuleni wakampa jina, Binti Radi, wakawa wanapanga foleni awachajie simu. Alichaji mbili zikaungua, na fundi wa kuzitengeneza nani? Edson. Alizitengeneza bure huku anacheka kama mwendawazimu.

Mimi nilimpiga marufuku nyumbani kwangu. Nilisema ni kwa sababu ya kioo. "Kioo chako ndicho kilichoita radi," nilimwambia mbele ya watu gulioni, na nilimwambia zaidi ya mara moja. Nilimchukia. Nilikuwa nikimwona pale mbele yangu kila Alhamisi na zile koleo zake, nasikia moto kifuani, na sikutaka kujiuliza kwa nini.

Mwezi wa Novemba mlinzi wetu wa mashamba, Mzee Nicanor, alijiuzulu kwa sababu ya magoti. Mlinzi ndiye anayekaa kwenye kibanda juu ya viazi tangu kupanda hadi kuvuna, na mvua ya mawe ikija anaikabili kwa mjeledi na fataki. Kijiji kikamchagua Zulma. Mwanamke wa kwanza, miaka kumi na saba! Severo Apaza pekee ndiye aliyepinga. Mtu huyo ana mashamba mengi na maneno mengi zaidi. Alisema tangu lini mbingu zikamsikiliza msichana mwenye pengo. Nilimjibu, sitayarudia hapa niliyomjibu.

Akapanda kibandani na poncho ya kahawia ya baba yake, joho zito la sufu. Mlinzi hali chumvi, hachani nywele, na zaidi ya yote hatazamwi akiwa kazini. Ngurumo ikianza kijiji kizima kinaingia ndani na kufunga madirisha. Kwa hiyo mimi niliyemlea sikuwahi kuona anafanya nini huko juu. Nilikuwa nasikia tu. Desemba nzima wingu lilikuwa linakuja limevimba, linafika juu yetu, linapasuka, halafu mawe yanakwenda kumwagika mlimani pasipo na kitu.

Siku moja nilipeleka maharage na jibini visivyotiwa chumvi kibandani, nikamkuta nani amekaa mlangoni? Edson, huyo huyo.

"We, unafanya nini huku?"

"Nimeleta betri, Mama."

"Betri! Msichana anawasha taa kwa kidole, unamletea betri?"

Ndani ya kibanda Zulma akaangua kicheko.

"Na hicho ni nini?" nikauliza, maana alikuwa na bangili mkononi, imesukwa kwa waya wa shaba, wa redio zile zile.

"Vazi, Mama," akasema Edson. "Kila shujaa ana vazi lake. Huyu mmempa poncho inayonuka kondoo. Nikaona angalau bangili."

"Na hao mashujaa wa vitabuni kwako hawana mashangazi?"

"Wanao, Mama. Ila wengi ni wapole."

Nikainua fimbo. Akakimbia akiteremka huku anacheka, masikio yanapepea. Zulma akatoka, nywele timtim, akanipokea chakula.

"Shangazi, mwache bwana. Alinibeba."

"Alikubeba baada ya kukuangusha na kioo chake."

"Na kioo changu pia kilikuwepo. Tulikuwa wawili." Akanitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida. "Siku ile tulikuwa watatu, Shangazi."

"Kula, maharage yanapoa," nikasema, nikashuka zangu.

Mwaka ule ilikuwa zamu yangu kuandaa Karnivali, sherehe ya kijiji kabla ya Kwaresima. Mwenye zamu ndiye anayelisha na kunywesha watu wote siku tatu. Nilikuwa nimeweka akiba miaka minane. Bendi ya matarumbeta nimeikodi mjini Oruro, watu kumi na wanane na ngoma kubwa mbili, kwa jina langu. Kreti arobaini za bia zilikuwa zimepangwa chumbani kwangu hadi dari, nalala kama mlinzi wa bohari.

Wiki mbili kabla ya Karnivali, viazi vikiwa vimechanua, mawingu yalikuja kutoka pande tatu kwa mpigo. Tukafunga madirisha. Nilisikia fataki, nilisikia mjeledi, nilisikia sauti yake akiyatukana yale mawingu kwa matusi aliyojifunza kwangu. Ilichukua kama saa nzima. Tulipofungua milango mashamba yote yalikuwa yamesimama, maua yake meupe na zambarau hayajaguswa. Yote, isipokuwa shamba moja katikati. Lilikuwa limelala chini kama limepitiwa na gari la mizigo. La nani? La Severo Apaza.

Asubuhi yake tukaitwa uwanja wa shule. Severo alikuja na kiazi kimoja kilichopasuka, akakishika juu kama kasisi anayeinua mkate.

"Mawe hayaangukii bure," akasema. "Mnajua. Mvua ya mawe inatafuta kosa lililofichwa. Mimi nauliza, huyu msichana alipopigwa, hakuna jicho lililomwona? Maana aliyetazamwa anaungwa nusu. Na mlinzi nusu analinda nusu! Leo ni langu. Kesho ni lako, na lako, na lako!"

Watu wakaanza kunung'unika. Akanyoosha kidole kwa Edson. "Aape. Mbele ya Santiago."

Mkuu wa kijiji mwaka ule alikuwa Mzee Hilarión, mtu mwema asiyependa kelele. Alituma watu kanisani wakaleta sanamu ya mtakatifu juu ya farasi wake wa mbao, wakawasha mshumaa. Anayeapa uongo mbele yake, radi inamfuata kabla mwaka haujaisha. Hilo hakuna anayelifanyia mzaha.

Edson akapiga magoti. Zulma alikuwa amesimama peke yake na poncho ya kaka yangu, bangili inang'aa. Kijana akainua macho kwa mtakatifu. Nikasema moyoni, sema uongo, mjinga wewe. Mara ya kwanza maishani namtakia mema na ilikuwa ni hilo.

"Nilimtazama," akasema.

Severo akakishusha kile kiazi.

"Nilimtazama tangu anaanguka. Sikuacha kumtazama mpaka nimemfikisha. Ningefumba macho ningembebaje kwenye mawe yale? Alikuwa anapigwa usoni, mnaelewa? Mawe yalikuwa yanampiga usoni. Ni mtu gani angemwacha pale?"

Hakuwa ananisema mimi. Wala hakunigeukia. Lakini yale maneno yalinifika.

Kukawa vurugu. Severo akapiga kelele kijana ahame kabla jua halijatua, na msichana avuliwe poncho, maana kuanzia leo kila jiwe litakaloanguka ni mzigo wake. Wengine wakaitikia. Hata majirani zangu, watu niliowanywesha uji wa bure wakiwa wagonjwa!

"Akiondoka, naondoka naye," Zulma akasema. Hakupandisha sauti. "Tutakwenda Ajentina."

Mzee Hilarión akanyoosha mkono, anataka kuichukua ile poncho. Nikaona kitakachotokea. Nikaona barua mbili na blanketi.

Nikasimama. "Na mimi nilimtazama!"

Wakageuka wote.

"Nini, mmeziba masikio? Nilikuwepo. Hatua hamsini. Nilimtazama kabla huyu kijana hajafika, na mimi ni shangazi yake, nimesimama mahali pa baba yake. Jicho langu ndilo lililotangulia. Kama kuna kosa, la kwanza ni langu."

"Basilia," Mzee Hilarión akasema kwa upole, "unajua unaapa mbele ya nani?"

Nikaenda nikashika mguu wa yule farasi wa mbao. "Naapa. Nilimtazama. Na kama jicho moja linaua, mbona macho manne yamemwangukia na bado anakula maharage yangu? Nifukuzeni mimi kwanza. Nitafunga mizigo sasa hivi. Ila bendi ya Oruro iko kwa jina langu, na kreti arobaini ziko chumbani kwangu, navyo vitafunga mizigo. Karnivali njema! Mtacheza kwa kupiga makofi, Severo atawaimbia."

Mtu akacheka nyuma. Kisha wakacheka wengi. Mzee Hilarión akakohoa, akatazama viatu vyake. Severo akafungua mdomo, lakini aliyesema alikuwa Mama Saturnina, kutoka chini alikokuwa amekaa.

"Mama yangu mdogo alipigwa na radi nikiwa msichana," akasema. "Tulijifungia wote. Tulikwenda kumchukua asubuhi, tukamkuta amekufa, tukasema kuna aliyemtazama. Ilikuwa usiku wa baridi. Alikuwa amejikokota kidogo. Kulikuwa na alama." Akafunga kitambaa chake cha majani. "Sikuwahi kumwambia mtu kuhusu zile alama."

Hakuna aliyecheka tena. Mwishowe walikata shauri hivi: mimi na Edson kila mmoja atoe lama mmoja, mnyama wetu wa mizigo na sufu, kwa ajili ya Santiago, shamba la Severo tulilime upya sote, na kila nyumba impe gunia la viazi wakati wa mavuno. Edson abaki. Zulma arudi kibandani. Severo alihesabu nyumba kwa vidole, akaona magunia ni mengi kuliko shamba lake, akatulia.

Mchana huo Zulma alipita jikoni kuchukua mkate. Nilikuwa namenya viazi, nikijisikia mkubwa, nikisubiri kushukuriwa. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Umeapa uongo, Shangazi."

"Uongo gani?"

"Macho yangu yalikuwa wazi."

Kisu kikaniponyoka.

"Sikuweza kusogea," akasema. "Sauti haikutoka. Lakini nilikuwa naona. Nilikuona umesimama na fimbo yako. Nikasema, Shangazi yupo, nimepona. Halafu ukageuka. Nikawa naona mgongo wako mpaka ukaingia nyuma ya ukuta."

Nililia. Nililia kwa sauti, kamasi, kila kitu, mtu mzima na akili zangu. Nikamwambia nilifanya kwa sababu nampenda, kwamba nilifundishwa hivyo, kwamba niligeuka ili aishi, nilikaa pale nikijizuia kama mtu anayejishika mkono usiingie motoni.

"Najua," akasema. "Najua, Shangazi. Ndiyo maana sikusema mwaka mzima." Akaegemea mwimo wa mlango. "Lakini nilisikia baridi sana."

Nilimwomba msamaha, akatikisa kichwa, sijui ni ndiyo, sijui ni basi. Akachukua mkate wake. Akarudi akachukua wa pili. "Wa Edson," akasema, na nikamfungia kwenye kitambaa. Sasa nilijua moto ule wa kifuani ulikuwa wa nini. Yule mtoto alifanya mbele ya macho yangu kile nilichotakiwa kufanya mimi, na sikuweza kumsamehe.

Bendi ikaja. Jumamosi ya Karnivali, watu wamevaa sketi zao za marinda mapya, unga na maji vinarushwa, matarumbeta yanapasua masikio, ngurumo ikapiga nyuma ya mlima. Ngoma ikakatika. Watu wakakimbilia ndani, wapigaji tarumbeta wakaingia chini ya meza zangu na matarumbeta yao, madirisha yakafungwa moja baada ya jingine. Mtu akanivuta mkono, "Basilia, ingia!"

Nikamwambia anishikie sahani.

Nilipanda mteremko ule kwa goti langu bovu. Nilipofika kwenye ukuta wa zizi nilisimama mbele yake, upande wa juu, sikwenda nyuma. Nikainua macho nikamtazama mtoto wangu.

Alikuwa amesimama ukingoni mwa mashamba, miguu mitupu, nywele zimesimama zote. Wingu lilikuwa chini kiasi kwamba ungelishika. Akainua mkono wenye bangili, na radi ikashuka kwake. Niliiona. Ilishuka polepole, kama kondoo anayejua zizi lake, ikamzunguka mkono, akaizungusha mara moja juu ya kichwa na kuitupa mlimani, na wingu zima likageuka kuifuata. Halafu nyingine. Alikuwa anacheka kwa mdomo wazi. Hatua tatu nyuma yake alikuwa Edson na fungu la fataki kifuani, amelowa chapa chapa, hafanyi kitu chochote, anamtazama tu.

Nilitaka kufumba macho. Lazima niseme hivyo, maana mazoea ya miaka hamsini hayatoki kwa siku moja. Sikufumba. Machozi na mvua vilikuwa vinaniingia machoni, navifuta kwa kiganja, natazama. Na nilikumbuka kwamba nimeapa uongo mbele ya Santiago, na mwaka haujaisha, na niko juu ya kilima katikati ya radi. Nikasema, basi, akitaka anipige, lakini anipige nikiwa nimemwelekea mtoto wangu.

Zulma akageuka, akaniona.

"Shangazi! Rudi nyumbani, utalowa!"

"Wacha nilowe!" nikamjibu, na nikabaki pale pale.